Kidole cha Mtu wa Pangoni

Wiki iliyopita niliwaacha mlango wa nyuma wa bucha langu unafunguka, nami nimekaa juu ya kreti nyuma ya friza, kijiko cha maharage kiko mdomoni. Najua mmeulizana aliyefungua ni nani. Nitasema. Lakini wapo waliokosa gazeti, na hao nao ni watu, kwa hiyo niwakumbushe kwa kifupi.

Mimi ni muuza nyama. Daktari aliniambia kidole gumba cha mguu wangu wa kushoto kina jongo, akanipiga marufuku nyama nyekundu, maini, figo na supu ya mifupa, yaani duka langu lote isipokuwa mizani. Kidole kikavimba hadi kiatu kikakataa kuingia. Nikawa nauza nyama peku.

Ndipo siku moja akaingia kijana wa mazoezi, kifua mbele, shingo hana, watu wanamwita Kocha. Akaniona nimesimama peku kwenye vigae vya baridi, nimekunja sura kwa maumivu, napasua mfupa kwa shoka. Akasema maneno yaliyoniponza: "Mzee, wewe unaishi kama watu wa mwanzo."

Ningeweza kumwambia ni jongo. Sikumwambia. Lile duka kubwa la kujichukulia mwenyewe lilikuwa limeshafunguliwa ng'ambo ya barabara, nyama yangu inaning'inia kwenye kulabu hadi inanuna, na mfamaji haachi kutapatapa.

Basi tangu hapo mimi ni Mzee wa Mawe. Kocha ana kundi lake, linaitwa Watu wa Mwanzo, na linakula kile ambacho Kocha anasema kililiwa mapangoni kabla jembe halijavumbuliwa: nyama, mafuta, uboho, mayai, na majani mawili matatu kwa heshima. Mkate mwiko. Maharage mwiko. Viti mwiko. Kila Jumamosi nasimamishwa mbele yao niwe kielelezo, na picha yangu wameibandika kwenye kuta za mji. Kuchechemea kwangu wakakuita mwendo wa mwindaji, na wapo wanaoufanyia mazoezi. Nyama wananunua kwangu. Wakishaondoka, mimi naenda nyuma ya friza, mke wangu ananipa maharage.

Haya. Mlango ukafunguka, na aliyeingia alikuwa Kocha mwenyewe.

Aliniangalia. Akaiangalia sahani. Kijiko kilikuwa bado mdomoni, na kukitoa kungeonekana kama kukiri kosa, kwa hiyo nikakiacha hapo hapo.

"Mzee wa Mawe," alisema.

"Mmh," nilijibu, kwa sababu ya kijiko.

"Hayo ni nini?"

Nikakitoa. "Haya? Haya ni ya mke wangu."

"Mkeo yuko mbele anapima mbavu."

"Kaniachia nimshikie."

"Umemshikia hadi mdomoni?"

Niliweka sahani chini, nikangoja maneno. Nilikuwa nimeshajiandaa kwa lolote, hata kuvuliwa cheo mbele ya kundi. Kocha akageuka, akaufunga mlango, akasukuma komeo. Kisha akavuta kreti nyingine, akakaa mbele yangu, magoti yakakaribia kugusana.

"Yameungwa na nini?" aliuliza.

"Kitunguu. Na nyanya kidogo."

Akameza mate. Nilimsikia.

"Kijiko kingine kipo?"

Jamani, nimeona watu wakila. Mimi ni muuza nyama, njaa ni kazi yangu. Lakini sijawahi kuona mtu akila maharage namna ile, ameinamia sahani kama anaisikiliza. Alipomaliza, akachukua kipande cha mkate wangu bila kuuliza, akafuta sahani, akaifuta tena palipokuwa pameshatakata.

"Tangu lini?" nilimuuliza.

"Zamani. Tumbo lilifunga, Mzee. Nilikaa chooni nikalia, mtu mzima mimi, na nje wananingoja niwafundishe kupumua."

"Na wenzako kwenye kundi?"

"Sijui. Sijawauliza, nao hawajaniuliza."

Alijipangusa mikono kwenye suruali, akasimama, ukocha ukamrudia mwilini. "Hili linabaki hapa nyuma ya friza," alisema.

"Kwani nyuma ya friza kuna nini?" nilisema mimi.

Tukapeana mikono. Sitaki kudanganya, nilifurahi. Mwongo akipata mwongo mwenzake analala usingizi mzuri zaidi kuliko mkweli, kwa sababu mkweli hulala peke yake.

Kocha alikuwa ameshashika komeo alipogeuka. "Kesho usichelewe. Kuna ushuhuda mzito. Mama mmoja wa tawi letu jipya, kule upande wa pili wa mji. Alikuwa anajichoma sindano za sukari kila siku iendayo kwa Mungu. Ameziacha zote. Amekonda hadi nguo zinamdondoka."

"Ameambiwa na daktari aziache?"

"Pangoni kulikuwa na daktari?"

"Kocha, sukari si kitambi. Sukari ni ugonjwa."

Akaniangalia kwa upole kabisa, akagusa kidevu chake kwa kidole. "Jifute hapa, Mzee. Una maharage."

Nikajifuta. Nikajiambia, mama wa watu ana ndugu zake, watamwambia.

* * *

Ukumbi wa Kocha una vioo ukuta mzima, kwa hiyo Watu wa Mwanzo hujiona mara mbili. Viti vimeondolewa, kwa kuwa watu wa pangoni walichuchumaa. Kipaza sauti kimeachwa. Inaonekana hicho walikuwa nacho. Masharti ni kuja kwa miguu, na wengi huja kwa miguu kweli, isipokuwa Kocha, ambaye huja na gari kwa sababu ya kubeba mikeka.

Nilifika na mke wangu, yeye kabeba nyama ya kuchoma, mimi nimebeba kidole. Watu wakanipisha. Mwanamke mmoja akanishika mkono, akaniambia tangu aniige amekuwa mwepesi. Nikamwambia nashukuru.

Kocha akakamata kipaza sauti. "Watu wa pangoni walikuwa na kisukari?"

"Hapana!"

"Walikuwa na presha?"

"Hapana!"

Siku zote hapo huwa natamani kuuliza waliishi hadi umri gani, lakini siku zote hapo mimi ndiye natakiwa nitikise kichwa kwa busara. Nikakitikisa.

"Leo tuna mama," alisema Kocha. "Mama huyu hakuambiwa na mtu. Aliona picha tu ukutani, akaamua. Njoo, mama."

Akainuka mwanamke mwembamba kwenye mstari wa nyuma, gauni limemkaa kama limetundikwa kwenye msumari. Alitembea polepole. Mimi nilikuwa namwangalia gauni, nafikiri, gauni hili nalijua. Dada yangu alijishonea kama hilo. Kisha akafika kwenye mwanga.

Alikuwa dada yangu.

Niwaambie huyu dada ni nani kwangu. Mama yetu alifariki mimi ni mdogo sana, na dada ndiye aliyenilea. Aliacha masomo, akajifunza cherehani, akashona sare za watoto wa watu ili mimi nivae yangu. Yupo upande wa pili wa mji, bado anashona. Na mimi sikuwa nimekanyaga kwake kwa muda mrefu, mara biashara, mara kidole, mara nitakuja wiki ijayo.

"Picha niliyoiona," dada alisema kwenye kipaza sauti, "ilikuwa ya mdogo wangu."

Ukumbi ukavuta pumzi.

"Huyu hapa. Huyu mtoto alikuwa hali. Tumbo lake lilikuwa halikubali kitu, nilimlea kwa kijiko na kwa kumbembeleza. Nilipomwona ukutani amesimama kama nguzo, peku, nikasema, kama nyama imemfanya huyu awe hivi, mimi sindano za nini? Nikazitia kwenye takataka siku hiyo hiyo."

Wakapiga makofi. Wengine walilia. Kocha aliniangalia, na nikaona naye alikuwa hajui. Alikuwa ameambiwa tu kuna mama. Lakini Kocha ni mfanyabiashara kama mimi. Uso ulimbadilika mara moja, kisha akapaza sauti: "Ndugu wa damu!" Makofi yakaongezeka.

Mimi nilipiga makofi pia. Mikono ilijipigia yenyewe.

* * *

Wakati wa mapumziko nilimvuta dada hadi kwenye chumba cha kubadilishia nguo. Mke wangu akaja nyuma yetu na chupa za maji. Dada akaimaliza moja bila kupumua, akanyoosha mkono apewe nyingine.

"Dada, umeacha sindano tangu lini?"

"Umesikia pale mbele. Tangu picha."

"Mbona hukuniambia?"

"Ungekuja ningekuambia," alisema. Hakusema kwa ukali. Ingekuwa afadhali angesema kwa ukali.

Nikapiga magoti, ingawa kidole hakikutaka. "Dada, nisikilize. Mimi sili nyama. Nina jongo. Daktari amenikataza. Nakula maharage nyuma ya friza kila siku, muulize wifi yako."

"Kweli kabisa, wifi," mke wangu alisema. "Nampikia mwenyewe."

Dada akacheka. Midomo yake ilikuwa imekauka hadi imepasuka. "Tuliambiwa ndugu mtasema hivi."

"Nani alisema?"

"Wewe. Kwenye ile video inayozunguka kwenye simu. 'Siku ndugu yako wa damu atakapokujia na mkate na machozi, mpende, lakini usimwamini.' Na ulikuwa unalia uliposema."

Ni kweli nilisema. Kocha aliyatunga, mimi nikayasema. Na ni kweli nililia, kwa kuwa mtu wa kamera alikuwa amenikanyaga kidole.

"Dada, pale nilikuwa naigiza."

"Na hapa?"

Alinipapasa kichwani kama zamani, akasema anarudi, anakwenda chooni. Ilikuwa mara ya ngapi sijui tangu tufike. Alipopita karibu yangu nikasikia harufu ya pumzi yake, tamu tamu, nzito.

Mke wangu alingoja mlango ufungwe. "Umeisikia ile harufu?"

"Kocha anasema ndiyo dalili ya mafuta kuungua mwilini. Wanapongezana kwa harufu hiyo."

"Mama yangu mzazi alinukia vile vile," alisema mke wangu. "Kama ndizi zilizosahaulika kwenye mfuko. Ilikuwa wiki yake ya mwisho."

Mama mkwe nilimzika mimi kwa mikono yangu.

"Mpeleke hospitali sasa hivi," alisema.

"Hatakubali. Umemsikia. Kila nitakachosema, nilishamwambia asikiamini."

"Basi kaseme mbele ya wote waliokupigia makofi. Akiona wao wamekuamini, ataamini."

"Na duka?"

Mke wangu hunikasirikia mara chache, na akikasirika huwa hapandishi sauti. "Duka lina mlango," alisema. "Tutaufunga, siku nyingine tutaufungua. Mtu huyu ukimfunga hafunguki."

* * *

Kipindi cha pili huanza na ini. Ni ini bichi, limewekwa kwenye ubao, na Mzee wa Mawe huchukua kipande cha kwanza. Siri ya ini hilo niliwaambia majuma ya nyuma: nakiweka shavuni, nakohoa, nakitema kwenye leso. Nina leso nyingi.

Siku ile dada alikaa mkekani mstari wa mbele kabisa, amejiegemeza ukutani, macho yamelegea, chupa ya maji mapajani. Akanitabasamia.

Nikamwomba Kocha kipaza sauti. Akanipa, anadhani nitabariki ini.

"Ndugu zangu," nilisema, "mimi sili nyama."

Wakacheka. Wengine wakapiga makofi.

"Sili nyama. Nakula maharage. Na mkate."

Wakacheka zaidi. Kocha akanisogelea, akaniwekea mkono begani, akaongea juu ya sauti yangu: "Mnaona hekima ya Mzee? Anatupima."

"Sipimi mtu. Kazi ya kupima naifanya dukani."

Kicheko kikawa kikubwa kuliko vyote. Hapo hasira ikanipanda, na ile aibu niliyokuwa nayo ikapata mahali pa kukaa. Niliinua mguu wa kushoto nikauweka juu ya meza, kando ya ini. Kidole kiling'aa kwa wekundu.

"Kitazameni. Hiki si kidole cha mwindaji. Ni jongo, na jongo langu limetokana na nyama. Sivai kiatu kwa sababu hakiingii. Sitembei kama mwindaji, nachechemea. Mtu wa pangoni angekuwa na kidole hiki, chui angemla kabla ya jua kuchomoza."

Wakapunguza kucheka. Mmoja akapiga picha.

"Uongo!" mtu alisema kutoka nyuma. "Mzee umelipwa na wauza mikate."

"Mzee amechoka," Kocha alisema. "Tumpumzishe."

Nikamgeukia. Jana tulipeana mikono, na mimi mkono wangu huwa nauheshimu. Lakini nilimwona dada anajaribu kufungua chupa ya maji, vidole vinateleza kwenye kizibo, hajui kwa nini hakifunguki.

"Na Kocha anakula maharage yangu," nilisema kwenye kipaza sauti. "Jana amefuta sahani kwa mkate."

Wote wakamtazama Kocha, mara mbili, mara moja yeye na mara moja kwenye kioo. Kocha alifungua mdomo. Angekana angeshinda, maana wao walikuwa wanamwomba akane, ungeona kwenye nyuso zao. Lakini nadhani alikumbuka ladha.

"Mkate gani?" aliuliza yule mwanamke aliyenishika mkono mlangoni. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Mweupe," nilisema.

"Laini?"

"Laini. Wa asubuhi ile ile."

Mtu akaguna. Sikujua ni nani, lakini halikuwa guno la hasira.

Kisha mwanamume mnene kiasi, msimamizi wa ghala, aliyekuwa akituongoza kwenye kuapa, akasema huku anaangalia mkeka: "Mimi nakula biskuti. Kwenye gari la kazini. Makombo nampa njiwa."

"Mimi naenda kula kwa mama mkwe," alisema mwingine. "Mke wangu anafikiri nampenda sana mama yake."

"Mimi uji," alisema yule wa kutoka nyuma, yule aliyeniita mwongo. "Wa mtoto. Namwambia mama yake mtoto ameumaliza."

Basi likawa jambo la kupokezana. Yule keki, huyu chapati, wawili walikutana kwenye foleni ya mgahawa mmoja na wakaapa kutojuana. Watu walikuwa wanacheka, wanashikana mabega, wanafutana machozi. Nimekaa na kundi lile muda wote nikidhani mimi ndiye mnafiki pekee, kumbe tulikuwa chama kizima.

Mke wangu ndiye hakuwa anacheka. Alikuwa anawapitia kwa macho, mmoja mmoja, kama mtu anayetafuta. Nami ndipo nikaelewa anatafuta nini.

Katika ukumbi ule mzima, aliyefuata masharti yote kwa moyo mmoja alikuwa ni dada yangu. Hakula biskuti kwenye gari la mtu. Hakuenda kwa mama mkwe wa mtu. Aliambiwa na mdogo wake aliye ukutani, akaamini, akatii.

Niliushusha mguu mezani nikakimbia, kidole kikapiga kelele zake, sikukisikiliza. Mke wangu alikuwa ameshafika kabla yangu. Dada alikuwa bado ameegemea ukuta, anahema kwa nguvu na kwa kina, kama mtu aliyekimbia, na hakuwa amekimbia. Chupa ilikuwa imeanguka.

"Gari," mke wangu alisema. "Nani ana gari?"

Watu wakaangaliana. Watu wa Mwanzo huja kwa miguu.

"Kocha," nilisema. "Kocha ana gari."

Tukageuka wote. Mahali aliposimama Kocha palikuwa na kipaza sauti sakafuni, na mlango wa pembeni ulikuwa wazi. Nje injini ikawaka, ikaondoka, ikapotea. Msimamizi wa ghala alikuwa na simu sikioni, anaitaja mitaa kwa mtu wa hospitali, anaambiwa asubiri, anaitaja tena.

Nikapiga magoti mbele ya dada. "Dada, umesikia? Umewasikia wote? Sasa twende ukachomwe sindano yako. Nakuomba."

Alinitazama muda mrefu. Macho yalipita usoni kwangu kama yanasoma kibao cha mtaa asioujua. Nilifikiri amenikasirikia, na nilitaka anikasirikie, nilikuwa nastahili. Nilimngoja anitukane.

"Samahani, baba," alisema, kwa adabu, kama anavyosema na mteja. "Naomba nipite."

"Dada, ni mimi."

"Wifi," mke wangu alisema, "huyu ni mdogo wako."

Dada akatikisa kichwa, akajishika ukutani, akaanza kuinuka. Gauni likamshuka begani, naye hakulipandisha. Nikamshika mkono. Akautoa, taratibu, kidole kimoja kimoja, bila kunichukia.

"Niachieni nipite," alisema. "Mdogo wangu anatoka shule sasa hivi, na sijabandika hata maji."